Shajara ya mradi: kulinda jina la mafuta yetu ya nazi, daraja kwa daraja

Sisi ni watatu: mimi, shangazi yangu na mdogo wangu wa kiume. Tunakamua mafuta ya nazi Pangani, mkoani Tanga, ya kupikia na ya kupaka. Shajara hii ni ya kazi moja tu, kulilinda jina lililo kwenye chupa zetu. Naiandika kwa ajili ya wazalishaji wenzangu wadogo, wa asali, wa korosho, wa viungo, ili atakayetaka kupita njia hii aone tulipojikwaa na tulichotumia. Kila hatua ikimalizika naongeza ingizo.

12 Februari 2024: Cheti cha ukutani

Tangu 2021 tulikuwa na cheti cha jina la biashara kutoka Brela, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kimeandikwa Nazi Bora Pangani. Tulikitia fremu tukakitundika pale pale shangazi anapokunia nazi, na kila mgeni akiingia tulimwonyesha. Moyoni tuliamini jina lile ni letu peke yetu.

Mwezi uliopita nilishuka stendi ya Kange, Tanga mjini, nikaona chupa zimepangwa juu ya meza. Lebo ya kijani, mnazi ulioinama, maandishi Nazi Bora ya Pangani. Nikanunua moja, nikafungua kifuniko pale pale. Mafuta yalikuwa yamechacha. Kilichoniumiza zaidi ya ile bei yao ya chini ni kwamba mama atakayenunua chupa ile akampaka mtoto, akishachukizwa na harufu, jina atakalolikataa sokoni ni letu.

Nilirudi na picha za chupa na nakala ya cheti nikaenda kuuliza. Jibu nililopewa ndilo lililozaa mradi huu: cheti cha jina la biashara kinaitambulishia serikali nani anafanya biashara kwa jina lipi, hakimzuii mtu mwingine kuandika maneno hayo kwenye bidhaa yake. Kinachozuia ni usajili wa alama ya biashara, yaani neno au mchoro unaoitambulisha bidhaa yako. Jina la biashara liko chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Alama iko chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326. Yote mawili yanashughulikiwa na wakala huyo huyo mmoja, na ndiyo maana wengi wetu tunadhani ukishapata moja umepata vyote.

Gharama hadi hapa: nauli za kwenda Tanga na kurudi mara mbili, na nakala. Jumla shilingi 26,000.

26 Februari 2024: Kasoro ilikuwa kwenye jina

Tulimlipa wakili shilingi 50,000 kwa mazungumzo ya saa moja. Tulitaka atuandikie maombi ya kulisajili Nazi Bora Pangani kama alama. Badala yake alichukua kalamu akalikata jina vipande vitatu. Nazi ni bidhaa yenyewe. Bora ni sifa ambayo kila muuzaji anaitoa kwa mali yake. Pangani ni mahali. Akatuuliza: mkulima wa Bushiri au wa Mkwaja akitaka kuandika kwamba nazi zake ni bora na zimetoka Pangani, mnamzuia kwa haki gani? Hatukuwa na jibu, kwa sababu jibu halipo. Maneno ambayo kila mtu wa kazi hiyo anayahitaji ili kuieleza bidhaa yake hayakabidhiwi kwa mmoja.

Alituonyesha mifano tuliyokuwa tunapishana nayo barabarani kila siku. Simba kwenye mfuko wa saruji ya Tanga, Twiga kwenye mfuko wa saruji ya Dar es Salaam. Simba hana undugu wowote na saruji, wala twiga, na hapo ndipo nguvu ya jina inapotoka. Neno la kubuni kabisa lina nguvu zaidi. Neno la kawaida lililopachikwa kwenye bidhaa isiyohusiana nalo linafuata. Neno linaloieleza bidhaa lenyewe ndilo dhaifu kuliko yote.

Tukarudi nyumbani kutafuta jina jipya, na likaja kutoka kwenye malalamiko. Julai ya mwaka juzi mteja wa Lushoto alitupigia simu kwa hasira, akisema tumemchanganyia mafuta ya ng'ombe maana chupa nzima imeganda nyeupe. Mdogo wangu alimweleza kwamba mafuta ya nazi yakiwa halisi huganda baridi ikishuka chini ya digrii 24 hivi, na Lushoto mwezi wa saba ni baridi tupu. Akaiweka chupa juani kwenye baraza, yakayeyuka, akaridhika. Shangazi alikuwa anasikiliza, akasema, "Mwambie hayo ni mafuta ya kipupwe." Tangu siku hiyo nyumbani tunayaita hivyo mafuta yakiganda.

Kwa hiyo jina ni Kipupwe. Wakili alilikubali: ni jina la majira ya baridi, halisemi nazi, halisemi mafuta, halijisifu.

Nawaambia ukweli, kuliacha jina la zamani kuliuma. Tulikuwa na lebo 900 hazijatumika, zilizotugharimu 162,000. Tunazimaliza kwenye madumu ya wateja wa kijijini wanaotujua, kisha basi.

9 Machi 2024: Nazi moja mkekani

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, nami nitakaa hapa.

Alama haisajiliwi hewani. Inasajiliwa kwa bidhaa au huduma ulizozitaja, na bidhaa na huduma zote duniani zimepangwa katika madaraja 45. Mpangilio huo ulitokana na makubaliano ya mwaka 1957 katika mji wa Nice, Ufaransa, na ndio unaotumika huku kwetu pia. Daraja la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Mawakili wengi wanaita klasi. Ukisikia klasi ya 29 ni daraja la 29.

Nilipoisoma ile orodha kwenye simu sikuelewa kitu. Kuna daraja lenye nyama, maziwa, jamu na mafuta ya kula kwa pamoja. Kuna daraja lenye sabuni ya kufulia na manukato. Nikamwambia shangazi, naye hakutaka kusikia habari za simu. Akatandika mkeka uani, akaleta nazi moja isiyofuliwa, mbuzi na panga. "Haya, mwanangu, hicho kitabu chako kisome na hii."

Basi tukaisoma nazi.

Nazi nzima, kama ilivyoangushwa mtini, ni daraja la 31, pamoja na nafaka mbichi, matunda na mbegu. Mbata, ile nazi iliyokaushwa, nayo iko huko huko. Shangazi akaifua. Makumbi yakishalowekwa na kupondwa yakatoa usumba, ule usumba mbichi ni daraja la 22. Ukisokota kamba, bado ni la 22. Lakini ukiufuma ukawa zulia la kufutia miguu mlangoni, umehamia la 27, na ukiufunga ukawa burashi, la 21. Usumba ni ule ule.

Akaipasua. Maji yakaingia kikombeni: yakiuzwa kama kinywaji kwenye chupa ni daraja la 32, pamoja na juisi na maji ya kunywa. Kifuu ukikichonga bakuli ni la 21, ukikitengeneza vifungo vya nguo ni la 26, ukikichoma makaa ya kupikia ni la 4. Akakuna. Nazi iliyokunwa na kukaushwa ni la 29, tui ni la 29, mafuta ya kupikia ni la 29. Kashata aliyoibandika jikoni kwa sukari na iliki ni la 30, kwa kuwa hiyo tayari ni kitu kitamu cha sukari, jamii ya peremende na biskuti. Na mafuta yale yale ya chungu kimoja, ukiyatia kwenye chupa ndogo ukaandika ya nywele na ngozi, ni daraja la 3.

Hapo mdogo wangu alisimama. "Mafuta si mafuta? Mbona chungu ni kimoja?" Na mimi nilikuwa na swali hilo hilo. Tulilizunguka jioni nzima mpaka likatulia: orodha haiulizi kitu kimetokana na nini, inauliza sasa hivi ni kitu gani na kinauzwa kwa kazi gani. Chungu ni kimoja, lakini anayenunua ya kupikia anasimama mbele ya rafu moja dukani, na anayenunua ya nywele anasimama mbele ya rafu nyingine.

Ukilishika swali hilo, mengi yanafunguka bila kuuliza mtu. Kwa majirani zetu: korosho mbichi ni daraja la 31, ikikaangwa inakwenda la 29. Karanga vivyo hivyo, na siagi ya karanga ni la 29. Asali ni la 30, pamoja na chai, kahawa, viungo na unga. Mchaichai uliokaushwa wa kunywa kama chai ni la 30, lakini ukiuza kama dawa ya tumbo umeingia la 5, na huko utakutana na mamlaka ya dawa kabla hujakutana na mambo ya alama. Duka linalouza bidhaa za watu wengine linaangalia la 35. Mgahawa wa wali wa nazi ni la 43. Ukiwa unaangalia usajili wa zamani, kumbuka migahawa ilikuwa daraja la 42 kabla ya mwaka 2002, wakati huduma zilipogawanywa upya mpaka kufikia 45.

Gharama ya siku hiyo: nazi moja, na tuliila.

21 Machi 2024: Madaraja mangapi?

Baada ya mkeka, kila mtu alitaka kila kitu. Mdogo wangu alitaka usumba na makaa ya vifuu, maana ana ndoto nayo. Shangazi alitaka sabuni, kwa sababu anatengeneza sabuni ya nazi ya kuogea tangu miaka mingi kabla sijazaliwa. Mimi nilitaka kashata.

Mambo mawili yalitupunguza. Kwanza, huku bara kila daraja ni ombi lake na ankara yake, na hulipi mara moja: kuna ada ya maombi, ya tangazo na ya usajili. Siandiki tarakimu zake humu kwa sababu jedwali la ada hubadilishwa, na mtu akipanga bajeti kwa tarakimu ya mwaka jana atakwama katikati. Chukua jedwali la siku hiyo, jumlisha ada zote za daraja moja, kisha zidisha kwa idadi ya madaraja yako. Pili, alama iliyosajiliwa lakini haitumiki inaweza kuondolewa mtu akiomba, ikiwa imekaa miaka 3 mfululizo bila kutumika. Kusajili ndoto ya makaa ambayo hatutaianza kesho ni kulipia kitu tutakachonyang'anywa.

Tuliamua mawili: la 29 kwa mafuta ya kula, la 3 kwa mafuta ya mwilini na sabuni ya shangazi.

Utafutaji: tulikagua kama kuna alama inayofanana. Kwenye daraja la 29 tulijaribu jina kwa kila sura, Kipupwe, Kipupe, Kipukwe, hata Pupwe peke yake. Hapakuwa na kitu. Kwenye la 3 ilikuwa jioni, mtandao unakatika, tukaandika Kipupwe peke yake, hapakuwa na kitu, tukafunga. Nimeweka kumbukumbu ya dakika zile kwa sababu zilikuja kutugharimu.

4 Aprili 2024: Maombi yameingia

Mdogo wangu alifungua akaunti kwenye mfumo wa Brela kwa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, akajaza, akapata namba za malipo mbili, tukalipa kwa simu. Kazi ya asubuhi moja. Tulipakia nembo yetu kamili: neno Kipupwe, umande kwenye jani la mnazi, na chini yake maneno Mafuta Asilia ya Nazi. Mchoraji tulimlipa 80,000.

Kwa bidhaa tuliandika hivi. Daraja la 29: mafuta ya nazi kwa matumizi yote. Daraja la 3: vipodozi vya kila aina na sabuni za kila aina. Tulidhani ukiandika kwa upana unajilinda kwa upana.

10 Juni 2024: Barua za maswali

Zimekuja hoja tatu kutoka Brela, na kila moja ilikuwa kosa letu.

Ya kwanza ni ile "kwa matumizi yote". Matumizi yote yanajumuisha ya nywele, na ya nywele si ya daraja la 29. Tumeandika upya: mafuta ya nazi ya kula. Herufi chache, wiki nyingi za kusubiri.

Ya pili ni maneno Mafuta Asilia ya Nazi kwenye nembo. Tumetakiwa kutamka kwamba hatudai haki ya peke yetu juu ya maneno hayo. Tulikubali mara moja. Wakili alituambia tungeliweza kuombea neno Kipupwe peke yake kwa maandishi ya kawaida, bila mchoro, na ulinzi ungekuwa mpana zaidi: tungekuwa huru kubadili mchoro kila msimu bila kugusa usajili. Ningekuwa naanza leo ningeomba neno kwanza, nembo baadaye pesa ikipatikana.

Ya tatu ndiyo iliyotunyima usingizi. Kwenye daraja la 3 kuna alama ya mtu mwingine iliyokwisha kusajiliwa, inayotofautiana na yetu kwa herufi moja tu. Ndiyo ile ambayo tungeiona kama jioni ile ya Machi tungeandika majina yote kama tulivyofanya kwenye la 29. Anayekagua haangalii tahajia tu. Anayasema majina mawili kwa sauti, anayatazama kwa mbali, anauliza yanaleta picha gani akilini. Na sisi Waswahili tunanunua kwa kusikia: mtu anamtuma mtoto dukani, mtoto anataja jina, muuza duka anampa alichosikia. Kwenye kutafuta, ligeuzeni jina lenu kwa kila namna mtoto anavyoweza kulikosea.

24 Juni 2024: Ndani ya daraja moja kuna nyumba nyingi

Tulirudi kwa wakili, 50,000 nyingine. Tulikwenda tukiwa tumeshakata tamaa kwamba la 3 limetutoka. Yeye akatuuliza swali moja: alama ile imesajiliwa kwa bidhaa gani hasa? Hatukuwa tumeangalia. Tulikuwa tumeona namba 3 tukarudi nyuma.

Tukaangalia. Sabuni ya unga ya kufulia na dawa za kung'arisha nguo, basi.

Hilo ndilo nililojifunza lenye thamani kuliko yote. Daraja ni kabati la kuhifadhia mafaili, ni la urahisi wa ofisi. Bidhaa mbili zinaweza kukaa daraja moja na zisigombane, kama sabuni ya kufulia na mafuta ya nywele. Na bidhaa mbili zinaweza kuwa madaraja tofauti na zigombane vikali: korosho mbichi ya la 31 na korosho ya kukaanga ya la 29, zikiwa na jina moja, nani asingedhani zimetoka kwa mtu mmoja? Kinachopimwa ni kama mnunuzi atachanganyikiwa, kwa sababu bidhaa ni zile zile au zinakaribiana sana. Ndiyo maana kutafuta kwenye daraja lako tu hakutoshi. Sisi tulipaswa kuangalia pia la 31, la 30 na la 5.

Wakili akatuandikia jibu: mafuta ya nazi ya kupaka nywele na ngozi, bila kujumuisha sabuni za aina yoyote. Tulipunguza tulichoomba ili tubaki na kinachotulisha. Mafuta ya nywele ni zaidi ya nusu ya mauzo yetu.

Lakini "bila kujumuisha sabuni" maana yake ni sabuni ya shangazi. Yeye ndiye aliyelitaja jina lenyewe, na sabuni yake haitalibeba. Nilimsomea barua kabla haijatumwa, sikutaka aje asikie baadaye. Alinyamaza kidogo, akaendelea kukuna. Halafu akasema, "Tuma. Sabuni yangu watu wanaijua kwa harufu." Nikatuma, lakini nafsi yangu haikutulia siku ile, na mpaka leo naona tuna deni kwake.

19 Agosti 2024: Tangazo, na duara lenye R

Maombi yote mawili yamekubaliwa na kutangazwa kwenye jarida la alama. Tangu siku ya tangazo, yeyote anayeona tunamdhuru ana siku 60 za kuweka pingamizi. Kipindi hiki hakuna cha kufanya ila kusubiri, na kufanya kazi.

Kosa la mwezi huu: tulipeleka lebo mpya zichapishwe, 600 za mafuta ya kupikia. Zilivyorudi, pembeni ya neno Kipupwe kuna herufi R ndani ya duara. Mchapaji alidhani anatupendezeshea. Alama hiyo ni ya kitu kilichokwisha kusajiliwa, na kujitangaza umesajiliwa wakati hujasajiliwa ni kosa kisheria. Tulifikiria kuifuta kwa wino mweusi. Tulijaribu kwenye lebo kumi. Wino uliyeyuka na mafuta ya vidole ukachafua chupa nzima. Tukazichoma zote. Shilingi 150,000. Anayesubiri anaruhusiwa kuweka herufi TM, au asiweke chochote. Lebo za pili tuliagiza bila chochote, na mimi mwenyewe nilikagua nakala ya kwanza kabla mashine haijaendelea. Fanyeni hivyo siku zote: tazameni nakala ya kwanza kwa macho yenu.

Jambo jingine ambalo wateja wanatuuliza: usajili wa alama hausemi kwamba mafuta ni salama. Usalama na ubora wa chakula na vipodozi ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na hilo lina njia yake na gharama zake. Tumeomba huko kwa faili tofauti, na halimo kwenye shajara hii.

11 Novemba 2024: Vyeti viwili

Siku 60 zilipita bila pingamizi. Tumelipa ada ya usajili, vyeti vimetoka: daraja la 29 na daraja la 3. Ulinzi unahesabiwa tangu siku tuliyowasilisha maombi, Aprili 4, si tangu leo. Kwa hiyo zile siku zote za maswali na kusubiri hazikupotea. Bara, usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Yetu inafikia mwisho Aprili 2031. Mdogo wangu ameandika tarehe hiyo kwa rangi nyekundu nyuma ya mlango wa stoo, juu kabisa, pasipofikiwa na ufagio.

Yule wa Kange sijamfuata. Jina analotumia ni lile letu la zamani ambalo halikuwa la mtu, na hatuna haki nalo. Ila wateja wameanza kuuliza Kipupwe kwa jina, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Gharama zetu mbali na ada za serikali: wakili mara mbili 100,000, nyingine 60,000 kwa kuandika jibu, mchoraji 80,000, lebo za zamani 162,000, lebo zilizochomwa 150,000, nauli na nakala, za Februari zikiwemo, 74,000. Jumla 626,000. Ukitazama, 312,000 ni lebo, yaani karatasi. Mtu akianza na jina sahihi, akasubiri cheti ndipo achapishe kwa wingi, atatumia nusu yetu.

2 Desemba 2024: Ng'ambo ya maji

Tulidhani tumemaliza. Jana mnunuzi wa Unguja ameagiza chupa 200, zipande jahazi Kipumbwi zishuke Mkokotoni. Nikauliza kabla ya kufunga mzigo, safari hii nimejifunza kuuliza kabla. Cheti chetu cha bara hakivuki maji. Zanzibar ina sheria yake ya mali za ubunifu ya mwaka 2008 na daftari lake, chini ya wakala wa usajili wa huko, BPRA, na alama huko hudumu miaka 10. Mtu anaweza kulisajili Kipupwe Unguja kesho asubuhi, na chupa zetu zikawa ndizo zinazoingilia. Mombasa ni hivyo hivyo: Kenya ina ofisi yake, KIPI, na kuvuka mpaka wa Horohoro na cheti cha Tanzania mkononi hakukupi haki huko.

Madaraja, hata hivyo, ni yale yale. La 29 ni la 29 Zanzibar na ni la 29 Nairobi. Kazi ya mkeka haikuhitaji kurudiwa. Tumeyachukua maneno yetu yaliyokubalika, mafuta ya nazi ya kula, na mafuta ya nazi ya kupaka nywele na ngozi bila kujumuisha sabuni, na kuyanakili. Tumetafuta kwanza, majina yote, Kipupwe na ndugu zake wa kutamkwa, kwenye la 3, la 5, la 29, la 30 na la 31. Maombi ya Zanzibar yanaingia wiki hii kwa daraja la 29 pekee, kwa kuwa mnunuzi yule anauzia migahawa na hataki ya nywele. Kenya itasubiri mpaka tupate mteja wa kudumu.

Na sabuni ya shangazi imepata ombi lake la peke yake, daraja la 3, kwa sabuni ya kuogea. Jina amelichagua mwenyewe, neno moja la kubuni ambalo bibi yake alikuwa akimwitia utotoni. Safari hii tumelitafuta kwa kila namna mtoto anavyoweza kulikosea, na tumeombea neno tupu bila mchoro. Silitaji hapa hadi ombi lipokelewe.

9 Desemba 2024

Limepokelewa. Nimempa karatasi ya risiti, ameikunja mara nne akaitia kwenye kibati anachohifadhia sindano.